Deki Iliyofunikwa Blanketi

Ninyi mliozaliwa video ikiwa tayari imo mfukoni, mnaigusa kwa kidole na inacheka, hebu kaeni kidogo. Nataka kuwasimulia habari za wakati ambapo picha ilikuwa inazunguka. Ilizunguka ndani ya deki, chini ya runinga, na ukitega sikio uliisikia. Trei inarudi ndani, kinafuata kimya, halafu unakuja mvumo mdogo, deki inatafuta. Watu wengine wamezeekea shambani, wengine ofisini. Mimi nimezeekea katika kile kimya, nikisubiri deki iamue kama imeona CD au haijaona.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani Makambako, na upepo wa hapa mnaujua, mwezi wa sita ukifika haukuulizi umevaa nini. Mchana nikisinzia kitini nausikia bado ule mvumo. Mjukuu wangu ananiambia, "Bibi, hilo ni friji." Namwambia sawa, ni friji. Lakini naendelea kusikiliza.

Kazi yangu ilikuwa kuchoma CD. Tulisema CD kwa zote, hata zile za DVD zenye picha, na kuchoma maana yake ni kuandika hizo picha na sauti kwenye CD tupu kwa kompyuta. Harusi, kipaimara, mahafali, kwaya, na misiba pia, kwa sababu ndugu walio mbali nao wanataka kulia. Duka langu lilikuwa hapahapa Makambako, karibu na stendi, chumba kimoja, dirisha moja, kompyuta moja iliyokuwa inanguruma, na rafu ya deki za kila aina. Watu walikuwa wananiletea CD zilizokataa kucheza majumbani mwao, hata zisizochomwa kwangu, wakaniita Mama Deki. Jina langu la ubatizo lilibaki kanisani.

Aliyenifundisha ni fundi Lutengano, fundi redio wa Njombe mjini, mtu mfupi aliyevaa makoti mawili, moja juu ya jingine, jua liwake au mvua inyeshe. Alikuwa haongei mpaka amalize kunywa chai, na chai yake ilikuwa haiishi. Siku yangu ya kwanza mteja alileta CD imekataa, nami nikakimbilia kuipangusa kwa gauni. Fundi akanishika mkono.

"Binti, polisi huwa anamkamata mtu kabla ya kumuuliza?"

"Wengine ndiyo, fundi."

"Basi wewe usiwe polisi wa namna hiyo. CD ikikataa, uliza kwanza imechomwaje. Halafu uliza imelala wapi."

Nilidhani ni utani wa wazee. Imelala wapi! Kana kwamba CD ni mtoto aliyechelewa kurudi nyumbani.

Imechomwaje, hilo nililielewa mapema. Vijana wengi walikuwa wanachukua faili la video, wanalitupa kwenye CD kama unavyotupa nguo kwenye begi, wanaona linacheza kwenye kompyuta, wanashangilia. Sasa kompyuta ni mtu aliyetembea, anajua lugha nyingi. Deki ya sebuleni hajawahi kutoka kwao. Anataka video igeuzwe kuwa DVD ya kweli, yenye mafolda yake anayoyajua, ndipo asome. Usipofanya hivyo anakuandikia NO DISC, haoni kitu, na wewe unamwona anakudharau kumbe wala hajui uko hapo.

Halafu kuna kuifunga. Ukishachoma, kompyuta au kamera inakuuliza kama CD uifunge isiongezwe tena kitu. Wenye tamaa ya nafasi wanaacha wazi, eti kesho wataongeza picha za mtoto. Deki nyingi hazisomi CD iliyoachwa wazi. Na haraka nayo! Kompyuta inakupa mwendo wa kuchoma, kijana anachagua ule mkubwa kabisa kwa sababu gari la Njombe linaondoka. Mimi nilikuwa nachoma taratibu, mwendo wa mzee anayetoka ibadani, na mteja akinung'unika namwambia haraka haraka haina baraka, akachemshiwe chai hapo jirani.

Imelala wapi, hilo lilinichukua muda. Alikuja baba mmoja na CD ya kipaimara cha wanawe, nyeusi, ina harufu ya nyama ya kukausha. Nikamuuliza, "Baba, hii ilikuwa imewekwa wapi?" Akanijibu kwa fahari, "Darini, juu ya moto, pamoja na mbegu." Mnaelewa? Kwetu mahindi ya mbegu, yale bora kabisa, yananing'inizwa juu ya jiko la kuni ili moshi uyalinde na wadudu. Kitu cha thamani kinakaa pale. Baba wa watu aliipa ile CD heshima ya juu kuliko zote alizozijua. Sikumcheka mbele yake. Niliiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, nikaifuta kwa kitambaa laini kutoka kwenye tundu kwenda ukingoni, maana ukiifuta kwa kuzungusha unaichora mikwaruzo inayofuata njia ya picha. Ikacheza. Wanawe wakaonekana wamevaa nyeupe, na baba akanusa runinga kama vile moshi ungetokea huko.

Lakini ninayetaka kuwaambia habari zake leo ni Mama Anjelista wa kule Lupembe. Huwa namkumbuka ukungu ukishuka, na hapa kwetu ukungu haukosi sababu ya kushuka.

Mume wake alikuja dukani asubuhi moja ya mwezi wa saba. Mkulima wa chai, vidole vimekuwa vyeusi kwa majani, kofia ameishika kifuani. Alitoa CD kwenye mfuko wa ndani wa koti, imefungwa kwa kitambaa cha mezani kilichofumwa.

"Kamwene, Mama Deki."

"Kamwene, baba. Karibu uketi. Imelala wapi hii?"

"Kabatini, kwenye Biblia. Nimeaibika nayo mara mbili."

Akanieleza taratibu, na mimi nilikuwa na muda, kwa hiyo nawapa yote. Binti yao Anjelista aliolewa mama yake akiwa kitandani hospitali ya Ilembula, amevunjika nyonga kwa kuteleza kwenye tope. Matangazo ya ndoa yalikuwa yameshasomwa kanisani, wakwe wameshajipanga, na mama mwenyewe aliagiza kutoka hospitali kwamba harusi isiahirishwe kwa ajili ya mfupa. Ikafungwa. Sasa, kwetu mama wa bibi harusi hupewa blanketi na upande wa mume. Hapewi kwenye mfuko. Anasimamishwa mbele ya watu, anafunikwa mabegani, wanawake wanapiga vigelegele, na hapo ndipo kila mtu anajua kwamba huyu alimbeba huyu. Siku ile mama hakuwepo. Mdogo wake, Yusta, akasimama badala yake, akafunikwa yeye.

Mama aliporudi nyumbani na magongo, Yusta akamletea blanketi lake. Akalikataa. Hakuwa na hasira. Alilikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti, akasema hatajifunika mpaka aone likitolewa.

"Anasema blanketi ambalo hujaliona likitolewa ni la kuokota," mzee aliniambia. "Na Lupembe wewe unaijua mwezi wa saba. Analala na lile la zamani, limebaki nyuzi, juu yake anaweka koti langu. Ameanza kukohoa. Mimi nalala pale pembeni nasikia anavyokohoa, na blanketi jipya liko kitini linatutazama."

Basi walipanga waione harusi kwenye CD, na majirani waalikwe, ili awe amesimamishwa mbele ya watu kama wengine. Mara ya kwanza wakaazima deki ya jirani. Ikaandika NO DISC. Togwa likanywewa, watu wakaondoka. Mara ya pili wakaazima ya mwalimu. NO DISC. Watu wakaanza kunong'ona kwamba labda mama hakutakiwa kuiona, labda kuna mkono wa mtu, mnajua maneno ya watu yanavyokua yakimwagiliwa togwa.

Nikaiweka CD kwenye kompyuta. Ikacheza palepale, Anjelista akatembea kanisani amejaa skrini nzima. Mzee akaruka.

"Kumbe nzima!"

"Nzima, baba, lakini imechomwa na nani?"

"Rafiki yake mkwe wangu. Ana kompyuta nyumbani."

Lilikuwa faili moja kubwa, limetupwa humo kama nilivyowaeleza. Nikaanza kuligeuza. Kazi ile ilichukua siku nzima, kompyuta ile haikujua kukimbia, na mzee akasinzia kwenye benchi, kofia mapajani. Mimi nikaitazama harusi bila sauti. Nilimwona Yusta anasimama, na blanketi likakunjuliwa: la kahawia, zito, lenye simba mkubwa amelala. Wakamfunika. Uso wa Yusta haukuwa wa mtu anayepewa. Ulikuwa wa mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake na anaogopa kumwangusha. Nilijikuta nimefuta macho kwa kitambaa cha kufutia lenzi.

Nikachoma taratibu, nikaifunga, nikaijaribu kwenye deki zangu zote rafuni. Mwishoni nikaiweka kwa Bibi. Bibi ilikuwa deki kongwe kuliko zote, ina kutu pembeni, na ilikuwa haina huruma. CD iliyokubaliwa na Bibi ilikubaliwa popote. Bibi ikatafuta, ikavuma, ikacheza.

"Mama Deki," mzee akasema, "sitaki kuaibika mara ya tatu. Njoo nayo mwenyewe. Na huyo Bibi wako mlete."

Nikafunga duka kesho yake. Mpaka Njombe mjini tulipanda gari la abiria la Noah, na pale tukapata lori la majani ya chai lililokuwa limeshuka kutengenezwa breki, linarudi Lupembe tupu. Kabini ya dereva ilijaa watu. Bibi akapandishwa nyuma, juu ya nyavu za kubebea majani, nyavu mbichi zenye harufu ya chai. Nilimfunga kwa khanga yangu. Njia nzima ukungu ulikuwa chini kiasi kwamba mashamba ya chai yalitokea vipande vipande, kilima bila chini yake, miti bila vichwa, mwanamke ana kikapu mgongoni anatembea hewani. Sikuwa na hakika kama tunakwenda au kilima ndicho kinatupita. Nilifurahi tu, kama mtoto, wala sikufikiria nyuma ya lori.

Nyumbani tulikuta watu wameshajaa sebuleni. Madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, chungu cha wali kinachemka mlango wa pili, birika linatoa mvuke, vioo vya madirisha vinatiririka maji. Mama Anjelista alikuwa ameketi mbele, amevaa sare ya harusi, kitenge cha zambarau walichoshona wanawake wote wa upande wa binti. Kilikuwa kimempwaya, alikuwa amepungua. Magongo yake yameegemezwa ukutani. Kwenye kiti cha pembeni yake simba alikuwa amekunjwa, jicho moja linaonekana. Yusta alikaa upande mwingine wa kiti kile.

"Ndiyo wewe unayefundisha deki kusoma?" mama akaniuliza.

"Nazibembeleza tu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, mbembeleze."

Nikamweka Bibi chini ya runinga, nikaunga waya, nikaingiza CD. Trei ikarudi. Kimya. Mvumo. Kimya tena. Mvumo tena, mrefu, wa mtu anayepapasa gizani. NO DISC.

Wajukuu zangu, nimeona mambo, lakini pale nilitamani sakafu inifunike. CD niliyoichoma mwenyewe, deki yangu mwenyewe! Nikarudia. NO DISC. Mzee akageuka akatazama nje. Mama akakohoa, kikohozi kirefu, na watu wakatazama miguu yao. Kisha ushauri ukaanza kumiminika. Mmoja akasema nipulize. Mwingine akasema nipige kofi upande wa kushoto, redio yake ndivyo inavyoamka. Shangazi mmoja akasema, si kwa sauti ndogo, "Tulisema sisi. Kuna mtu."

Ndipo nikamsikia fundi Lutengano na makoti yake mawili. Miaka yote nilikuwa nauliza CD imelala wapi. Sikuwa nimemuuliza Bibi.

Nikaweka kiganja juu ya bati lake. Lilikuwa la baridi kama jiwe la mtoni, na lilikuwa na jasho. Nikatazama vile vioo vya dirisha vinavyotiririka. Bibi alikuwa ametoka kwenye ukungu na nyavu mbichi, akaingizwa ghafla kwenye chumba cha moto chenye mvuke, na mvuke ukamganda hadi ndani. Ile lenzi ndogo inayosoma CD ilikuwa imepata ukungu, kama miwani ya mtu anayeinama kuonja mchuzi.

"Hakuna mtu," nikasema. "Ni ukungu. Deki imeingia na ukungu wa Lupembe machoni. Ikipata joto polepole itaona."

"Iwekwe jikoni?" mzee akauliza.

"Hapana, baba, jikoni ndiko kwenye mvuke. Iwe chumba kikavu, iwashwe bila CD, ijipashe yenyewe. Na ifunikwe kwa kitu kizito kikavu, mvuke usiifuate, ila huku nyuma tuiachie nafasi ya kupumua."

Tukampeleka Bibi chumbani, tukamwasha juu ya sanduku. Ikabaki kumfunika. Khanga yangu ilikuwa imelowa. Wakaleta koti la mzee, lilikuwa na unyevu wa shambani. Wakaleta lile blanketi la zamani, ukilishika unaona vidole vyako upande wa pili. Mwezi wa saba kule hakuna kitu kikavu. Nilirudi sebuleni mikono mitupu, na nadhani sote tulikitazama kile kiti kwa wakati mmoja, halafu sote tukajifanya tunatazama kwingine.

Yusta akasema haraka, "Hilo hapana. Hilo la dada."

Mama Anjelista alilitazama blanketi lake. Alilitazama kama unavyomtazama mgeni ambaye hajaambiwa bado alale wapi. Nje kuku mmoja akalia, na mvuke wa birika ukapita kati yetu.

"Huyo deki wako ana jina?" akaniuliza.

"Namwita Bibi, mama."

"Ni mzee?"

"Kongwe kabisa."

"Na amepigwa na baridi kwa ajili yangu." Akanyoosha mkono, akamgusa Yusta. "Mchukulie. Mfunike yule bibi. Mimi baridi nimeshaizoea."

Yusta alilikunjua mwenyewe. Sikuthubutu kumsaidia. Alimfunika Bibi kwa uangalifu wote, akamwachia nyuma nilipomwonyesha, na simba akalala juu ya sanduku, anavuma taratibu kwa tumbo la deki. Tukafunga mlango. Nikawaambia wapunguze moto chini ya birika na wafungue dirisha moja, hata kama ni baridi, mvuke utoke. Wakalalamika, wakafungua. Ukungu ukachungulia ndani. Watu wakaongea kwa sauti za chini, kama tulivyokuwa tukiongea utotoni mtoto mchanga akiwa amelala ndani. Mama alisinzia akaamka, akasinzia. Sijui tulikaa muda gani. Kuna muda haukai kwenye saa.

Nilipoingiza mkono chini ya blanketi, bati lilikuwa la uvuguvugu na kavu. Mzee akambeba Bibi kama anavyobebwa mtoto wa ubatizo, na Yusta nyuma yake na blanketi mikononi. Nikaunga waya. Nikaingiza CD. Trei. Kile kimya changu. Mvumo.

Na kwaya ikaanza kuimba.

Hakuna aliyeshangilia. Tuliogopa kuishtua. Anjelista aliingia kanisani, na mama yake akamfuata kwa macho hatua kwa hatua, midomo inatembea. Alicheka alipomwona mzee wake anamtoa binti akiwa amesahau kuvua kofia. Alipoona benchi la mbele na nafasi waliyoiacha wazi, nafasi yake, alivuta tu kitenge kikae vizuri magotini, kama mtu aliyefika na kuketi.

Kisha wakwe wakasimama kwenye picha na blanketi. Yusta wa kwenye runinga akainuka, mwenye ule uso wa woga. Yusta wa sebuleni naye akainuka. Nilitazama huku na huku, nikawa sijui yupi ametangulia. Kule wakakunjua, huku akakunjua. Kule likashuka mabegani mwa Yusta, na huku Yusta akainama, akalishusha mabegani mwa dada yake. Vigelegele vikapigwa kanisani, na wanawake wa sebuleni wakavidaka hewani wakaviendeleza, hata yule shangazi.

Mama Anjelista alishtuka. Akalishika blanketi kwa mikono miwili, akalibana shingoni.

"Lina joto," akasema. Akatutazama mmoja mmoja. "Jamani, lina joto."

"Ni la Bibi, dada," Yusta akasema huku analia. "Amekupashia."

"Basi sasa nimeozesha," mama akasema. "Sasa ndiyo nimemwozesha mwanangu."

Aliegemea nyuma, simba kifuani, na kabla wakwe hawajamaliza kucheza alikuwa amelala. Hakukohoa. Mzee akaniuliza kwa ishara, tuzime? Nikapunguza sauti tu. Tukala wali wetu kimyakimya, harusi inaendelea yenyewe pale ukutani, mpaka CD ikafika mwisho na Bibi ikaacha kuzunguka. Tukatokea mlango wa jikoni ili tusimwamshe.